Watambue Tunutu wa Majini, Kijitoni na Bwawani mwa Samaki

Katika kipindi cha leo tutazungumza juu ya wadudu wadogo wanaoishi ndani ya maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi: kijitoni, mferejini na bwawani mwa samaki. Usiseme, "Hao wananihusu nini mimi mwenye mahindi na bwawa moja la perege?" Wanakuhusu sana. Mmoja wao anaweza kukumalizia vifaranga vya samaki bila wewe kujua wanakwenda wapi. Mwingine anaweza kukuonyesha kwamba dawa iliyooshwa kutoka katika bomba la jirani juzi imefika katika maji ambayo mtoto wako anachota leo. Lakini ukiwaita wote "wadudu wa maji" halafu basi, huyu na yule watakupita bila kukufaa kitu.

Tuanze na jina. Tunutu unamjua kwenye nzige: ni yule mtoto wa nzige mwenye miguu na macho kama mzazi wake, ila hana mbawa bado. Wadudu wengi wa majini nao wana tunutu wao. Yai huanguliwa majini, tunutu hukua huku akijivua ngozi mara nyingi, na kadiri anavyokua ndivyo vifuko viwili vya mbawa vinavyojitokeza mgongoni. Siku yake ikifika hupanda juu ya jani au jiwe, hupasua ngozi ya mwisho, hukausha mbawa na kuruka. Zile ngozi kavu, nyepesi kama karatasi, unazoziona zimeng'ang'ania majani ya magugu kando ya bwawa, ni nguo zao walizoziacha. Mbu na inzi si hivyo. Watoto wao ni mabuu, hawafanani na mzazi hata kidogo, na hawana budi kuwa bundo kwanza kabla ya kuruka.

Haya, utawaonaje? Huhitaji chombo cha maabara. Chukua beseni jeupe au sufuria nyeupe, kijiko, na kipande cha wavu wa dirishani ulichokikaza kwenye fremu ya fito. Tafadhali usitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haichagui. Inaua tunutu na inadhuru samaki. Ukiwa kijitoni, mtu mmoja ashike wavu upande maji yanakokwenda, mwingine ainue mawe upande maji yanakotoka na kuyasugua kwa mkono, kisha achokore mchanga kwa mguu kwa muda kama wa dakika mbili. Kilichonaswa kimimine katika beseni lenye maji kidogo ya kijito hichohicho. Tulia. Mwanzoni utaona takataka tu. Baada ya muda takataka zitaanza kutembea.

Kwanza hesabu miguu. Wadudu wana miguu sita. Mwenye miguu mingi kuliko hiyo ni kaa, kamba au jamaa zao, na asiye na miguu kabisa ni buu, mnyoo au ruba. Ukishapata wenye miguu sita, angalia mkiani. Hapo ndipo penye siri yote.

Mwenye nyuzi tatu nyembamba mkiani, kama nywele, ni tunutu wa yule mdudu mwepesi ambaye akiwa mkubwa huishi siku moja au mbili tu, na pengine saa chache. Mkubwa huyo hana mdomo wa kulia chakula. Kazi yake ni kuzaa na kufa. Kiswahili hakijampa jina moja linalojulikana kila mahali, kwa hiyo hapa tutamwita mkia-tatu. Tazama mbavu zake: pande zote mbili za tumbo ana vipumulio, mfano wa majani madogo au manyoya, na mara nyingi utaviona vinatikisika. Vinafanya kazi kama mashavu ya samaki. Usishangae kumkuta mkia-tatu mwenye nyuzi mbili, maana wapo, na wengine hukatikiwa na mmoja wavuni. Vipumulio vya mbavuni ndivyo ushahidi. Wengine ni bapa kama wamekanyagwa, kichwa kipana, macho juu, nao hushikamana na jiwe hata ukilitoa majini. Hao bapa uwakumbuke, tutawarudia.

Mwenye nyuzi mbili mkiani, mwili imara wa rangi ya kahawia au manjano yenye mabaka, asiye na vipumulio mbavuni, ni tunutu wa mawe. Ukimgeuza chali utaona vishungi vyeupe vya kupumulia kwapani mwa miguu. Kila mguu wake una kucha mbili, na mkia-tatu ana moja. Tunutu wa mawe anataka maji yanayokimbia juu ya mawe, yenye oksijeni nyingi. Kwetu Afrika Mashariki aina zake ni chache ukilinganisha na nchi za baridi, lakini katika vijito vya milimani utampata. Anakula wadudu wenzake, wewe hakuumi.

Mwenye majani matatu mkiani, si nyuzi bali majani hasa, ni tunutu wa kerengende mwembamba, yule anayekunja mbawa mgongoni anapotua. Watu wengi humchanganya na mkia-tatu. Huyu hana kitu mbavuni. Anapumulia yale majani ya mkiani.

Na asiye na mkia, ila miba mifupi nyuma, mwili mnene, macho makubwa, mwendo wa polepole kama mzee, huyo ni tunutu wa kerengende mwenyewe. Usidanganywe na upole wake. Mshike taratibu, umtazame uso kwa chini. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono ulioingizwa kwapani, na mwishoni una koleo. Akiona windo hafukuzi. Hungoja lifike karibu, kisha huo mkono hufyatuka, hukamata na kurudi mdomoni, kabla jicho lako halijafuata. Tena hupumua kwa njia ya nyuma: huvuta maji ndani ya utumbo wa mwisho, huchukua oksijeni, na akishtuka huyasukuma yote kwa nguvu akaruka mbele kama risasi. Jaribu kumgusa ndani ya beseni, utaona maji yanavyochezacheza nyuma yake.

Sasa ndugu mfugaji wa samaki, huyu wa mwisho ndiye wa kwako. Akifikia urefu wa sentimita tatu au nne anaweza kumkamata kifaranga cha perege au kambale ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuogelea. Katika bwawa kubwa lenye samaki wakubwa hana nguvu, maana samaki humla yeye, na kambale humpenda hasa. Hatari iko katika bwawa la kulelea vifaranga, ambako hakuna mkubwa wa kumtafuna. Mkulima hujaza maji, hungoja, vifaranga vinachelewa kuletwa, mwezi unapita. Kumbe kerengende walishafika siku ya kwanza. Siku anapotia vifaranga, anawatia katika meza iliyokwisha andaliwa, na wageni wameshakaa. Baada ya wiki kadhaa anavuta wavu na kulalamika kwamba aliuziwa samaki wabovu.

Dawa yake ni mpango wa siku, wala si chupa. Bwawa la kulelea vifaranga likaushwe mpaka tope lipasuke, utie chokaa, kisha ujaze maji ukiwa umeshakubaliana na mwenye vifaranga siku ya kuja. Maji yapitie kwenye wavu wenye matundu madogo pale mlangoni. Tia samadi, na maji yakianza kuwa ya kijani, yaani baada ya wiki moja hivi, watie vifaranga. Tunutu wa kerengende anahitaji majuma kadhaa ili awe mkubwa wa kudhuru. Ukimtangulia, samaki watakua pamoja naye na baadaye watamla. Ukinunua vifaranga vilivyofikia urefu wa kidole cha shahada, wengi wao wamekwisha kumpita. Fyeka pia majani yaliyoinamia majini, kwa sababu kerengende wembamba hutaga ndani ya mashina ya majani. Lakini kufyeka peke yake hakutoshi. Wapo kerengende wanaodondosha mayai juu ya maji matupu.

Mmoja wa hao ni yule wa rangi ya dhahabu anayekuja makundi kwa makundi pamoja na mvua. Mayai yake hutaga hata katika madimbwi ya mvua, na tunutu wake huweza kumaliza kukua kwa muda wa majuma sita hadi tisa. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldives, aliandika kwamba kerengende hawa huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki wakisaidiwa na upepo. Basi unapowaona wanacheza juu ya bwawa lako wakati wa vuli, huenda wamesafiri zaidi kuliko wewe.

Wapo wakulima wanaomimina mafuta kidogo yaliyochanganywa na sabuni juu ya maji ili kuua wadudu kabla ya kutia vifaranga. Njia hii ina akili yake, lakini ujue inamwua nani. Inamwua yule mdudu anayeogelea chali kwa miguu mirefu kama makasia, ambaye hupanda juu kuvuta hewa, na ambaye naye hufyonza vifaranga, tena akikushika kidole utaruka. Inamwua kunguni-maji mkubwa na nge-maji, kwa sababu hao pia hupumulia juu. Tunutu wa kerengende hapandi juu kupumua, oksijeni yake anaipata ndani ya maji, kwa hiyo mafuta yanampita kichwani naye anakucheka. Huyo utamtoa kwa kukausha bwawa au kwa kupitisha wavu wenye matundu madogo mara kwa mara. Na sumu ya mashambani usiithubutu. Dawa itakayomwua yeye itamwua samaki, na nyingine zitabaki katika tope.

Hata hivyo nisikufanye umchukie. Tunutu wa kerengende hula viluwiluwi vya mbu kwa uchu. Huko Yangon, nchini Myanmar, watafiti walishirikiana na wananchi kutia tunutu wa kerengende katika mapipa na mitungi ya maji majumbani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1990 yalionyesha kwamba mbu wanaoeneza homa ya dengi walipungua sana. Kwa hiyo dimbwi lisilo na samaki muache afanye kazi yake.

Tutoke bwawani, twende kijitoni. Nilisema tutawarudia wale mkia-tatu walio bapa, pamoja na tunutu wa mawe. Hawa ni kama wazee wenye miiko. Maji yakipungukiwa oksijeni, yakijaa tope la mmomonyoko, au yakiingiwa na sumu, hawakai. Wanakufa au wanaachia mawe na kuchukuliwa na mkondo. Wanaobaki ni wavumilivu: minyoo, ruba, na yale mabuu mekundu kama uzi wa damu yanayoishi ndani ya tope bovu. Wekundu wao ni damu kweli ya namna yake, yenye uwezo wa kushika oksijeni hata ikiwa chache. Ukiinua jiwe ukakuta wekundu watupu, maji hayo yamechoka.

Wataalamu wameigeuza elimu hii kuwa hesabu. Afrika Kusini wana utaratibu ambao toleo lake la tano lilichapishwa mwaka 2002, ambamo kila jamaa ya wadudu hupewa alama kuanzia 1 hadi 15 kulingana na anavyochagua maji. Mkia-tatu bapa ana alama 13, tunutu wa mawe ana 12, mabuu mekundu na ndugu zao wana 2, viluwiluwi vya mbu 1. Wanajumlisha alama zote na kugawanya kwa idadi ya jamaa waliowapata. Hapa Tanzania nako mtaalamu Lulu Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2015 utaratibu wa namna hiyo uliopimwa katika mito yetu wenyewe. Jambo moja la kujifunza katika hesabu hiyo ya Afrika Kusini ni hili: wako mkia-tatu wembamba, waogeleaji hodari, ambao huvumilia uchafu kiasi. Ukikuta aina moja tu ya hao, alama ni 4. Ukikuta zaidi ya aina mbili, alama ni 12. Maana yake usifurahi kwa sababu umeona nyuzi tatu mkiani. Uliza, wa aina ngapi?

Wewe mkulima si lazima ujumlishe alama. Fanya hivi tu. Kagua kijito juu ya mashamba, kisha kagua chini ya mashamba, siku hiyohiyo, mahali penye mawe na mkondo unaofanana. Ukipata tunutu wa mawe na mkia-tatu bapa huko juu, na chini ukapata wekundu na ruba tu, basi kuna kitu kimeingia katikati. Panda polepole ukikagua kila baada ya hatua mia, na utafika mahali penyewe. Mara nyingi utakuta choo kilichojengwa ukingoni, au josho la ng'ombe linalomwagia maji yake mtoni, au kile kijiwe cha bapa ambacho kila mtu anasimamia anapoosha bomba la dawa.

Hapo kwenye bomba nataka tukae kidogo. Dawa nyingi tunazopulizia nyanya, kabichi na pamba ni za kuua wadudu, na tunutu ni mdudu. Haijui tofauti ya kiwavi wako na mkia-tatu wa kijitoni. Dawa za jamii ya pareto, za asili na za kiwandani, humdhuru binadamu kwa kiasi kidogo kuliko dawa nyingine za zamani, na kwa hiyo watu huzidharau. Lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni kali mno, hata kiasi kidogo kabisa. Dawa ya endosulfani, iliyotumika sana katika pamba na mboga, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya sumu zinazopaswa kuondolewa duniani. Kama una chupa ya zamani iliyosahaulika ghalani, usiimwage wala kuizika. Mwite Bwana Shamba.

Bomba lioshwe shambani, mbali na maji, na maji ya kuoshea yanyunyiziwe katika mimea ileile uliyokuwa unapulizia. Chota maji kwa ndoo safi, kamwe usizamishe bomba lenyewe mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Najua wengi wetu mashamba yetu ya mboga yako humo humo. Mkulima wa bustani za Mgeta, milimani Uluguru, akiosha bomba lake kijitoni asidhani maji hayo yameishia bondeni. Yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonyweshwa jiji la Dar es Salaam.

Kuna watu watauliza: kama nikikuta tunutu wa mawe, je, maji hayo ninywe hivyohivyo? Hapana. Tunutu anakuambia habari za oksijeni, tope na sumu. Habari za vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hazijui, maana vijidudu hivyo havimdhuru. Chemsha maji yako kama kawaida. Vilevile maji safi yanayokimbia ndiyo makazi ya mabuu ya usubi, wale inzi wadogo weusi wenye kibyongo wanaouma mchana na kueneza ugonjwa wa macho na ngozi, kama huko Mahenge. Mabuu yake yamejishika kwenye mawe au majani kwa sehemu ya nyuma iliyovimba, mfano wa chupa ndogo. Kuna usubi mmoja ambaye wataalamu nchini Kenya walihangaika kuyatafuta mabuu yake mawe kwa majani bila kuyaona. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kwamba wameyakuta yamepanda mgongoni mwa kaa wa mtoni, na kwamba mabuu ya usubi wengine wa jamaa hiyo hupanda juu ya tunutu wa mkia-tatu. Ukimkamata mkia-tatu mwenye mzigo mgongoni, umtazame vizuri. Na kama kwenu dawa ya usubi inagawiwa kila mwaka, imeze, hata kama huwashwi.

Kwa ndugu zetu wa Mwanza, Musoma na Bukoba, kuna mkia-tatu mmoja wa Ziwa Viktoria ambaye hutoboa mbao zilizozama na kukaa ndani ya tundu. Ukiona matundu mengi madogo katika nguzo za gati au ubao wa mtumbwi wa zamani, huenda ni kazi yake.

Neno moja kuhusu wakati. Usikague kijito mara baada ya mafuriko, kwa kuwa maji makubwa hukwangua mawe na kuwachukua wote, wema na wabaya. Ngoja majuma matatu au manne maji yatulie. Vilevile ukishaziba mahali dawa ilipokuwa ikiingia, usitegemee kuwaona kesho yake. Wengine watashuka na mkondo kutoka juu, na wengine watatoka katika mayai ya wale waliobaki na mbawa. Inua jiwe lilelile kila mwezi, na watoto wako wakishazoea kuhesabu mikia, waachie wao kazi hiyo. Macho yao ni makali kuliko yetu.